Majaji waje bandani kwetu

Sisi tunaochoma kuku na mishikaki hapa Nakivale tumezoea kuambiwa: acheni moshi, tafuteni kazi ya maana. Basi sikieni hii. Kule Decatur, Alabama, Marekani, mfanyakazi mmoja wa reli, Big Bob Gibson, alianza kuchoma nyama wikendi nyuma ya nyumba yake mwaka 1925. Kuku alimchovya kwenye sosi nyeupe ya mayonizi, siki na pilipili manga. (Tulicheka, halafu tukaijaribu. Tamu kweli!)

Mwaka 2000 mgahawa wake ulitwaa ubingwa wa dunia huko Memphis kwa bega la nguruwe, ukarudia 2003, 2011 na 2014. Bega linakaa kwenye moshi usiku kucha, moto mdogo, hakuna haraka. Na majaji wa Memphis hawaonji tu, wanakuja mpaka bandani kwako, wanakaa, unawaeleza ulivyopika.

Hapo ndipo palitugusa. Mgao umepungua, makaa yamepanda bei, na mwezi ujao wafadhili wanachagua vikundi vya kupewa mtaji kwa kusoma fomu. Fomu tumejaza. Ila tumewaomba waje jioni moja, wakae kwenye benchi letu, waonje. Hawajajibu bado. Makaa tumeshanunua.