Nililitumia Vibaya Neno Ahera

Nimesomesha chuoni hapa Tanga miaka 13. Ile 9 ya mwanzo neno ahera nililishika kama bakora. Mtoto akichelewa, ahera. Akisahau sura aliyohifadhi, ahera. Akicheka kwenye sala namnyooshea kidole, "Utakiona ahera!" Wakinyamaza, mimi nadhani ule ukimya ndio ucha Mungu.

Siku moja baada ya alasiri akanijia mama, kamshika mkono mwanawe wa miaka 7. Baba wa mtoto yule alikuwa amefariki miezi michache nyuma. "Mwalimu," akasema, "huyu usiku halali, na chuoni hataki kuja. Ananiuliza kama baba yake anaungua, maana sala zote tano hakuwa akizisali." Mtoto katazama chini, anafinyafinya upindo wa kanzu yake. Nilitafuta la kumwambia nikalikosa. Neno lile nilikuwa nikilitamka kutwa kucha, na sikuwa na lolote la kumpa mfiwa.

Jioni nikaenda kwa bibi aliyenilea. Nilimkuta uani kafungua sanduku lake la bati, anatoa nguo azipigishe hewa. Chini kabisa mlikuwa na sanda yake: bafta nyeupe, karafuu maiti ndani ya karatasi, na kichupa cha marashi ya waridi. Aliinunua kwa pesa yake mwenyewe. Aliinua gauni jipya, "Hili la Idi." Akaikung'uta ile bafta, "Hii ya ahera." Sauti ilikuwa moja. Hakuipandisha, hakuishusha. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, naye hakuniuliza kitu, aliendelea kukunja.

Usiku ule nilianza kuyatafuta upya maneno niliyodhani nayajua. Dunia, kwa asili yake ya Kiarabu, ni iliyo karibu. Ahera ni ya mwisho, ijayo baadaye. Ndiyo maana tunayataja pamoja, dunia na ahera, hii ya karibu na ile ya mbele. Moto haumo ndani ya neno lenyewe. Moto una jina lake, Jehanamu, na Pepo ina lake. Ahera ndiko huko kote, kwenye hesabu na kwenye rehema. Wala si kuzimu. Kuzimu ni neno letu la Kibantu, makao ya wafu chini ya ardhi, ndugu wa neno mzimu, na wafasiri wa Biblia walilichukua likawafaa. Mimi nilikuwa nimeyachanganya yote nikayapika chungu kimoja.

Nikamkumbuka na mshairi Mwana Kupona. Mwaka 1858, naye mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa usia, na humo adabu za nyumbani na mambo ya ahera yanakaa pamoja, kama gauni na sanda sandukuni mwa bibi.

Lakini lililonishika zaidi ni neno tunalolitamka kila siku bila kulisikia: marehemu. Limetoka kwenye rehema. Ni aliyerehemewa. Kila tunapomtaja maiti wetu kwa neno hili tunamwombea, hata tukiwa sokoni, hata tukiwa tunagombania urithi.

Kesho yake nilikwenda kwao yule mtoto. Nikakaa naye mkekani, nikamwambia, "Baba yako watu wanamwitaje sasa?" Akajibu, "Marehemu." Nikamweleza maana yake. Akauliza, "Hata mimi nikisema?" Nikamwambia hata wewe, na dua yako wewe mwanawe ndiyo hasa inayongojwa. Akalirudia neno taratibu, mara mbili. Wiki ile akarudi chuoni.

Bakora ile niliiweka chini. Ahera bado naifundisha, na hesabu yake siifichi, ila naanza na rehema. Walimu wenzangu, nawaomba: kabla hamjalitamka neno hili mbele ya watoto, ulizeni kwanza ni nani kati yao aliyefiwa.