Kaza kamba au kaza roho?

Ukiingia Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, utaona nguzo ya mwamba imesimama peke yake. Ni Mnara wa Fischer, mabaki ya volkano yenye kimo cha mita 25 hivi. Jina lilitokana na Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita hapa mwaka 1883. Familia nyingi huja kuendesha baiskeli kando ya pundamilia na twiga, lakini jaribu pia kukaa chini ya mnara uwasikilize wanaokwea.

Mmoja anapanda, mwenzake yuko chini ameshika kamba. "Kaza" maana yake vuta kamba. "Legeza" maana yake niongezee. Shida ni kwamba kwetu "kaza" lina kazi mbili. Mke yuko juu, magoti yanatetemeka, anaita: "Kaza!" Mume, kwa mapenzi tele, anajibu: "Kaza, mama watoto!"

"Baba watoto, nasema kaza!"

"Hata mimi nasema hivyo hivyo!"

Pimbi wanachungulia kutoka kwenye nyufa.

Hilo ni la kucheka. "Nimefika" si la kucheka. Aliye juu anamaanisha, "Nimefika, sasa niteremshe." Aliye chini akidhani mwenzake amejifunga juu na hamhitaji tena, anaweza kuiachilia kamba. Kutoelewana kwa namna hiyo kumesababisha ajali kwenye miamba ya nchi nyingi.

Kwa hiyo kubalianeni maneno mkiwa bado chini, mbele ya mwelekezi. Tangulizeni jina, kwani huenda kuna kamba nyingine jirani. Kila neno lijibiwe: "Niteremshe." "Nakuteremsha." Upepo ukimeza sauti, muwe mmeshapanga ishara ya kuvuta kamba. Na kabla mguu haujaacha ardhi, kila mmoja akague fundo na mkanda wa mwenzake.

Mtoto naye apewe neno lake. Akisema "niteremshe" akiwa mita tatu tu juu, usimwambie "jikaze, wenzako wamefika". Ateremshwe mara moja. Akishajua kwamba neno lake linasikika, huenda akaomba kupanda tena kabla hamjamaliza chai ya chupa. Asipoomba, baiskeli zipo.