Flashi Isiingie Bila Kupimwa

Karatasi ile bado ipo. Baba aliichana kwenye daftari la mistari, akaiandika kwa kalamu nyekundu aliyokuwa akisahihishia kazi za wanafunzi, akaibandika kwa selotepu ubavuni mwa sipiyu: FLASHI ISIINGIE BILA KUPIMWA. Wino umefifia umekuwa rangi ya chai ya rangi, selotepu imekauka. Sipiyu yenyewe haijawashwa miaka mingi.

Iliingia nyumbani kwetu Morogoro mwaka 2005, imetoka Kariakoo kwenye buti la basi ikiwa imeviringishwa blanketi. Mtumba wa Ulaya, skrini ya kichogo, Windows XP iliyopigwa palepale dukani. Mama aliifumia kitambaa kama kile cha televisheni. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia sekondari, na alikuwa amechoka na stensili. Aliitaka kompyuta kwa kazi moja tu: kuandika mitihani yake mwenyewe, nyumbani, usiku, na kuitunza.

Intaneti hatukuwa nayo, na Baba aliamini kwamba nyumba isiyo na intaneti haina pa kupitishia virusi. Vilikuja kwa miguu. Vilikuja mfukoni mwa walimu wenzake, mfukoni mwangu nikitoka kuchapa kazi steshenari, mfukoni mwa binamu aliyeleta nyimbo. Windows ya wakati ule ilikuwa na desturi ya kusoma kifaili kiitwacho autorun.inf kwenye kila flashi inayochomekwa, na kutekeleza kilichoandikwa humo. Mtu alifungua flashi yake kuangalia picha za harusi, kumbe ameshakaribisha kitu kingine, na kila flashi iliyofuata iliondoka nacho.

Jumamosi moja mwaka 2008, mitihani ya muhula ikiwa imekaribia, Baba aliniita kwa sauti ambayo sikuizoea. Alikuwa anabofya folda ya Kidato cha Tatu, haifunguki. Akibofya ya Kidato cha Nne, kimya. Kazi ya miaka mitatu ilikuwa mle: mitihani, majibu, ramani alizozichora kwa kipanya usiku kucha.

Tukamwita Fundi, kijana wa mtaa wa pili. Alimwamkia Baba, akavuta kiti, akabadilisha mpangilio wa dirisha ili majina yashuke kwa orodha, kila moja na uzito wake pembeni. Akanigusa bega.

"Mdogo wangu, angalia hapa. Hizi zote zina kilobaiti ngapi?"

Zilikuwa na mia na kitu. Zote sawasawa, hata moja haikupishana.

"Folda halisi hapa haiandikwi uzito. Hizi si folda. Ni programu imevaa sura ya folda. Zenu za kweli zimefichwa."

Akaiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa, na folda za Baba zikatokea hafifu, kama kivuli nyuma ya pazia. Kisha akafungua lile dirisha jeusi, akaandika attrib -h -s -r /s /d *.* akabonyeza. Tukakaa kusubiri. Moja baada ya nyingine zikakolea rangi yake ya njano. Baba alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini, akaenda kusimama mlangoni. Nadhani hakutaka tumwone uso.

Siku hiyo ndipo tulipoanza kuchagua antivairasi. Fundi alikuwa na mkoba wa CD zenye maandishi ya kalamu: AVG, Avast, Avira, NOD32, Kaspersky. Akamwomba Mwalimu achague. Baba hakuuliza ipi inakamata zaidi. Aliuliza mambo mawili. La kwanza, inatoka nchi gani? La pili, kama hii ni ya bure kama unavyosema, hawa wenyewe wanakula nini?

La pili Fundi hakuwa na jibu lake. La kwanza tulilitafuta wote, na Baba akaleta atlasi yake ya kufundishia, nzee kiasi kwamba Chekoslovakia ilikuwa bado nchi moja. Alama zake za penseli bado zimo. Avast na AVG zote mbili zimetoka Ucheki, moja Prague na nyingine Brno. NOD32 ni ya Slovakia. Avira ni ya kusini mwa Ujerumani. Kaspersky ni ya Moscow. Alizitazama alama zile kwa muda mrefu, mwalimu wa jiografia aliyepata swali jipya: kwa nini kazi hii imestawi upande ule wa Ulaya? Miaka mingi baadaye nilimletea kipande kidogo cha jibu. Avast ilianza mwaka 1988 na NOD mwaka 1987, zote ndani ya hiyohiyo Chekoslovakia ya kwenye atlasi yake. Na herufi za NOD ni kifupi cha maneno yenye maana ya hospitali ukingoni mwa diski, kwa kufuata jina la tamthilia ya hospitali iliyokuwa ikipendwa huko kwenye televisheni. Baba alifurahi mno. Yeye tangu mwanzo alikuwa akisema "kupima", na watu wa Bratislava nao walikuwa wamewaza hospitali.

Tulichukua Avira. Sababu haikuwa nchi wala ubora. Antivairasi bila apdeti ni mlinzi aliyepewa picha za wezi wa mwaka jana, na apdeti ya Avira tuliweza kuipakua kama faili kwenye kompyuta nyingine, tukaileta kwa flashi. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Kila Jumamosi nilikwenda intaneti kafe mjini na shilingi elfu moja ya saa nzima, nikikaa kuutazama upau wa kijani ukitambaa. Umeme ukikatika kabla haujafika mwisho, unaanza moja. Nikirudi, Baba anasogeza kiti, tunailisha. Kwenye kona ya skrini palikuwa na mwavuli mdogo mwekundu: ukiwa umefunguka, ulinzi uko kazini, ukiwa umefungwa, umelala. Baba aliutazama mwavuli ule kabla ya kugusa kitu chochote, kama dereva anavyotazama geji ya mafuta.

Ninaieleza habari hii ya kulisha kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyoamua kila kitu, na katika vipimo vyote vya antivairasi nilivyosoma baadaye sijaiona imetajwa. Maabara za AV-TEST za Magdeburg na AV-Comparatives za Innsbruck zinapima kazi nzuri kabisa, nami nazitegemea hadi leo. Lakini kompyuta zao zina intaneti. Programu iliyopata alama zote kule, kwetu ingekuwa kipofu ndani ya mwezi mmoja.

Mtaani kila nyumba ilikuwa na yake, na ulizijua kwa sauti. Avast ilikuwa na mwanamke aliyetangaza kwa Kiingereza kwamba apdeti imeingia. Kaspersky ya miaka ile ililia kama nguruwe kila ilipokamata kirusi, sauti ikafika hadi barazani, na aliyekuja na flashi yake akaona haya.

Mwezi Julai 2009 mkonga wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam. Kwetu Morogoro mabadiliko yalifika taratibu, kwa sura ya modemu iliyochomekwa palepale zilipokuwa zikichomekwa flashi. Safari zangu za Jumamosi zikaisha. Wakati huo nilikuwa chuoni, nimejifunza kiasi, na nikaanza kumchagulia Baba badala ya kumuuliza. Nilimwekea antivairasi mbili kwa pamoja nikidhani ulinzi umeongezeka. Zikagombania kila faili, kompyuta ikachukua robo saa kuwaka. Nikazitoa. Mwaka uliofuata nikamletea ya kulipia ambayo sikuilipia, pamoja na kreki niliyoipata kwa rafiki. Ile kreki ndiyo iliyokuwa na kirusi. Fundi alipiga Windows upya, na ramani mbili za Baba ambazo hazikuwa na nakala hazikuonekana tena. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Aliyekupa, alikuambia imetoka wapi?"

Lililonigeuza kabisa lilitokea Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. WannaCry ilizifunga kompyuta dunia nzima kwa siku moja, ikidai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Nilikuwa nafanya kazi Dar. Nilimpigia Baba nikamwomba asiiwashe kompyuta hadi nije. Jumapili nikapanda basi. Alikuwa ameshahamia kompyuta nyingine, ya Windows 7, na mwavuli wake ulikuwa wazi, mwekundu, haujambo. Nikaingia kwenye mipangilio kuangalia apdeti za Windows yenyewe. Zilikuwa zimezimwa tangu siku ilipopigwa. Fundi aliyeipiga alifanya kama mafundi wengi walivyokuwa wakifanya, kuokoa bando na kuificha Windows isiyo na leseni isigundulike. Na kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa na WannaCry Microsoft ilikuwa imekitoa mwezi Machi, karibu miezi miwili kabla.

Nilikaa mbele ya kompyuta ile nikiwaza Jumamosi zangu zote za kafe. Tulikuwa tumelisha mlinzi kwa uaminifu wa ajabu, na dirisha la nyuma lilikuwa halina komeo. Hata ule mchezo wa autorun Microsoft ilikuja kuuzima kwa apdeti ya Februari 2011 kwa waliokuwa bado na XP, na sisi hatukuipata. Nilinunua leseni ya Windows wiki ileile. Katika fedha zote tulizowahi kutumia kwa ulinzi wa kompyuta nyumbani, hizo ndizo ninazozikumbuka kwa moyo mweupe.

Baada ya hapo suala la kuchagua likaanza kuyeyuka. Windows 10 tuliyoihamia ilikuja na Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, ndani yake. Nilikuwa naidharau, na nilikuwa na haki: mwishoni mwa mwaka 2012 antivairasi ya bure ya Microsoft ilifeli vipimo vya AV-TEST. Lakini mwaka 2019 Defender ilipata pointi zote 18 katika vipimo vilevile. Nikaiacha ifanye kazi peke yake kwenye kompyuta ya Baba, na mwavuli ukatoka kwenye kona. Alisikitika kidogo. Alikuwa ameuzoea.

Januari 2020 lile swali lake la pili likapata jibu. Waandishi wa habari walifichua kwamba Avast, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea. Jumpshot ilifungwa mwezi huohuo, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Nilimsomea Baba habari ile kwenye simu. Alinyamaza, halafu akasema, "Basi walikuwa wanakula."

Na atlasi yake? Alama zinaendelea kusogea. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Baadaye kampuni ya Norton ikaichukua Avira, kisha mwaka 2022 ikaungana na Avast, na leo zote nne ziko chini ya kampuni moja, Gen, yenye makao makuu Tempe, Arizona, na Prague. Mkoba wa Fundi wenye CD tano, tatu kati yake sasa zina mwenye mali mmoja. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ikapiga marufuku uuzaji wa Kaspersky nchini mwake kwa hoja ya usalama wa taifa, hoja ambayo kampuni yenyewe imeikataa. Mwaka 2008 nilidhani kuuliza nchi ni mazoea tu ya mwalimu wa jiografia.

Siku hizi ninayemhofia zaidi ni yule anayempigia Mama simu na kujitambulisha kuwa ametoka ofisini, au anayeandika ile hela itume kwenye namba hii. Hakuna CD ya kumwekea Mama. Tumekubaliana kwamba kabla ya kutuma chochote ananipigia mimi au dada, hata kama ni saa sita usiku, na ameshanipigia mara tatu. Zote tatu alikuwa sahihi kutilia shaka, nami nilimwambia hivyo.

Oktoba 2025 Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, nilimpelekea Baba kompyuta mpya ya mpakato. Amestaafu, ila anaandika: historia ya kijiji chao, na ramani zake. Tuliiweka kwenye meza ileile, Mama akakikata kitambaa chake nusu kitoshe.

"Umeweka ipi?" Baba akaniuliza.

"Imo humohumo, Baba. Ya Microsoft."

"Ya Marekani. Na hao wanakula nini?"

Nikamweleza nijuavyo: bei ya Windows imo ndani ya bei ya kompyuta, na kuna taarifa ambazo kompyuta inawatumia, nyingine nimezizima na nyingine hazizimiki. Nilimwonyesha pale zinapozimwa. Alinifanya nirudie mara mbili, akaandika hatua zote kwenye daftari.

Kisha akatoa flashi yake kwenye mfuko wa shati, akaniwekea mkononi.

"Ipime kwanza," akasema, akavuta kiti karibu atazame.