Sekunde Inayopotea Chini ya Bati

Upimaji wa wakati katika delta ya Rufiji ulitegemea maji kabla ya kutegemea saa, na kwa manahodha wanaotoka Nyamisati kwenda Mafia bado unayategemea, kwa kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku kujaa huko huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Nahodha aliyezijua siku za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hakuhitaji sekunde. Robo saa ilimtosha.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndivyo vilivyoleta hitaji jingine, la kutenganisha visababishi vya kosa. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha ndani ya mikoko tangu mwaka 1914, ilishambuliwa tarehe 6 Julai 1915 na meli mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, huku ndege ikizunguka juu kutazama makombora yalikoangukia na kupeleka masahihisho kwa simu ya upepo. Kwa kuwa meli hizo zilifyatua pamoja, mtazamaji hakuweza kutofautisha kombora la hii na la ile, na masahihisho yakavurugika. Tarehe 11 Julai zilifyatua kwa zamu, na Königsberg ikaangamia siku hiyohiyo. Kisa hicho kinaihusu saa moja kwa moja, kwani mpimaji wa wakati naye hupotea pale visababishi viwili vya kosa vinapofanya kazi kwa pamoja.

Kwa waliokulia Kibiti katika enzi ya redio za mawimbi mafupi, saa ya ukutani ilitiwa majira kwa milio sita ya BBC, ambayo imekuwa ikirushwa tangu mwaka 1924. Sauti iliyotoka Ulaya moja kwa moja kwa mawimbi hayo ilichelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Matangazo yalipoanza kupitia setilaiti iliyo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta, safari ya kupanda na kushuka peke yake iliongeza karibu robo sekunde, na mitambo ya kidijitali ikaongeza zaidi. Ndiyo sababu jirani mwenye redio hushangilia goli kabla mwenye dishi hajaliona. Redio, iliyokuwa kipimo cha kusahihishia saa, ikawa yenyewe inahitaji kusahihishwa.

Chumba cha nyumbani ambacho mwandishi alikigeuza maabara huko Kibiti kilirithi tatizo hilohilo kwa umbo dogo zaidi. Saa ya kawaida ya betri huongozwa na fuwele ya kwatsi, kipande cha madini kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na sakiti hugawa idadi hiyo kwa mbili mara 15 mfululizo ili kupata pigo moja kwa sekunde. Fuwele hiyo hukatwa ili iwe sahihi kwenye nyuzi joto 25 hivi, na hupunguza mwendo ikipata joto zaidi au baridi zaidi ya hapo. Kwenye nyuzi 40, hali isiyo ngeni chini ya bati adhuhuri, saa hupoteza karibu theluthi mbili za sekunde kwa siku iwapo joto litabaki hapohapo, yaani takribani sekunde 20 kwa mwezi. Ndiyo maana saa inayokwenda vizuri mkononi huchelewa ikitundikwa ukutani, na mafundi wengi huilaumu betri bure.

Kipokezi cha GPS, ambacho siku hizi hupatikana kwa bei nafuu, hutoa pigo moja kila sekunde lililofungamana na saa za atomiki zilizo angani, na usahihi wake hufikia makumi ya nanosekunde, nanosekunde ikiwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Antena iliyowekwa chini ya bati haioni setilaiti. Iliyowekwa juu ya paa, pembeni mwa ukingo ulioinuka, hupokea pia mawimbi yaliyogonga bati kwanza, na waya wa kuiunganisha huongeza takribani nanosekunde 5 kwa kila mita. Kasoro hizi hazikuwa chanzo cha tofauti kubwa zilizoonekana mchana pale saa ya betri ilipolinganishwa na mapigo ya GPS. Kibao cha kompyuta kilichohesabu mapigo kilikuwa na fuwele yake, nayo ilipata joto pamoja na saa iliyokuwa ikipimwa, hivyo vyombo viwili vilisigana bila kuonyesha ni kipi kilichokosea.

Dawa ilikuwa kutenganisha visababishi. Saa ya pili ilipoongezwa mezani na kibao cha kuhesabia kikafungiwa peke yake ndani ya boksi jeupe la povu, lile wanalosafirishia kamba kwa barafu kutoka deltani, saa zote mbili ziliendelea kuchelewa pamoja kuanzia saa sita hadi saa kumi alasiri, ilhali hesabu ya mapigo ya GPS, iliyokuwa ikiyumba katika saa hizohizo, ilitulia.