KUPE WA MJOMBA

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi kingawa kidonda. Laiti wangalikuwapo siku hizi za magari ya mitumba, naamini wangaliongeza kuwa hata kikuukuu ni kinyemi kikioshwa vizuri na kupakwa rangi nyekundu. Ndugu msomaji, katika makala haya nataka kukusimulia habari za gari liitwalo Toyota Celica, jinsi lilivyozaliwa na kukua, na jinsi lilivyokaribia kuingia katika boma letu hapa Marungu.

Sisi watoto wa huku tumelelewa na barabara kuu ya Mombasa–Nairobi. Hapo Maungu mtoto huweza kukwambia kwa mlio tu kama lori linalokuja ni Scania au ni Mercedes, hata kabla hajajua kuandika jina lake. Magari ya mitumba yanayoteremshwa melini Kilindini hupita mbele ya macho yetu yakielekea bara. Kwa hivyo usishangae kuona mwanafunzi wa kidato cha tatu anaandika kuhusu magari. Tunayajua kwa kuyatazama, ingawa kuyapanda ni nadra.

Gari lenye milango miwili, paa lililoinama kwa nyuma na viti vya nyuma vilivyobanwa, wajuzi huliita kupe. Siku Mjomba alipomwambia Bibi kuwa anataka kununua kupe, Bibi alicheka hadi akashika mbavu. "Kupe? Mwanangu, miaka yote hii nawaogesha ng'ombe dawa ili kupe watoke, leo wewe wataka kutoa pesa ili kupe aingie?" Tangu siku hiyo gari hilo likabatizwa nyumbani kwetu "Kupe wa Mjomba", ijapokuwa lilikuwa bado ni la mtu mwingine.

Basi Celica ni nini? Gari hili lilitolewa huko Japani mwezi wa Desemba, 1970. Jina lake limetokana na Kilatini, na maana yake ni "ya mbinguni". Hata hivyo, chini ya umbo hilo la mbinguni mlikuwa na vitu vya duniani kabisa. Celica ilijengwa pamoja na Toyota Carina, gari la kawaida la familia, zikitumia sehemu nyingi za aina moja. Hapo ndipo ilipo siri ya unafuu wake. Kampuni haikubuni kila kitu upya. Ilichukua vyuma vya gari la mwalimu wa shule ikavivika nguo za bwana harusi. Wamarekani walikuwa wamefanya vivyo hivyo mwaka 1964, walipotengeneza Ford Mustang kutokana na Ford Falcon. Kwa njia hii mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuendesha gari la kupendeza bila kuuza shamba.

Celica ilizaliwa upya mara kadhaa, kama nyoka anayejivua gamba. Kizazi cha pili kilitoka mwaka 1977, cha tatu 1981. Mwaka 1985 kikaja kizazi cha nne, na hapo pakatokea mageuzi makubwa: magari ya kwanza yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, lakini tangu hapo Celica ya kawaida ikawa inavutwa na magurudumu ya mbele. Cha tano kilitoka 1989, na cha sita 1993, kile chenye taa nne za mviringo. Cha saba, ambacho ndicho cha mwisho, kilitoka 1999. Hiki kilikuwa na uso uliochongoka, na injini ya sisi 1800. Mwaka 2006 kiwanda kikaacha kabisa kuitengeneza.

Lakini Wakenya hawakuipenda Celica kwa sababu ya umbo peke yake. Waliipenda kwa sababu ya mashindano ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Miaka mingine njia ilipita huku kwetu, Voi na vilima vya Taita. Bjorn Waldegård wa Uswidi alishinda na Celica mwaka 1984, Juha Kankkunen wa Ufini akashinda 1985, na Waldegård tena 1986. Kisha ikaja ile iitwayo GT-Four, yenye tabo na nguvu katika magurudumu yote manne. Bwana wee, hiyo haikuwa mchezo! Ilishinda 1990, ikashinda 1992, 1993, 1994 na 1995. Ushindi wa mwaka 1994 ndio uliompagawisha Mjomba, kwa maana dereva alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Mjomba alikuwa na umri wa miaka mitano. Anasema Babu aliiweka redio juu ya pipa la maji ili boma zima lisikie, naye akatengeneza Celica ya waya siku hiyohiyo.

Tangu hapo hakusahau. Alipomaliza shule alifanya kazi ya utingo katika malori, baadaye akawa dereva. Alilipa karo za wadogo zake wawili. Alimjengea Bibi nyumba ya mabati. Nguo zake mwenyewe alizinunua Gikomba kila alipopeleka mzigo Nairobi. Nataja hayo ili usije ukamdhania kuwa ni mtu wa anasa.

Sasa, kununua Celica leo si kama kununua Probox. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililopita miaka minane tangu litengenezwe. Celica ya mwisho ni ya mwaka 2006, kwa hiyo mlango wa bandarini ulikwisha fungwa zamani. Zilizobaki ni zile zilizoingia mapema, ambazo zimekuwa zikipita mkono kwa mkono. Huenda aliyeileta aliitunza kama yai, na wa tano akaigeuza punda. Ukiitazama imeoshwa, huwezi kujua.

Ndiyo sababu Mjomba alimwomba fundi mmoja wa Maungu amfundishe mambo ya kukagua, na mimi nikapewa kazi ya ukarani. Niliandika katika daftari langu hivi:

Kwanza, karatasi. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma iwe ni ileile iliyo katika logibuku. Halafu utafutwe ukweli wake kwa NTSA, ionekane gari ni la nani na kama halijawekwa rehani ya mkopo.

Pili, injini. Ipigwe stati ikiwa baridi, maana injini iliyopashwa moto huficha maradhi yake. Moshi wa buluu ni dalili ya kuunguza oili. Moshi mweupe mzito usiokoma ni dalili ya maji kuingia ndani.

Tatu, kizazi chake. Celica nyingi za kizazi cha sita hutumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ya kizazi cha saba hutumia mnyororo, kwa hiyo gharama hiyo haipo. Lakini zile za miaka ya mwanzo, hasa 2000 hadi 2002, injini zake nyingi hunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni.

Nne, bodi. Rangi ikitofautiana mlango na mlango, au nati za boneti zikiwa na makovu ya spana, uliza gari liligonga nini.

Tano, spea. Injini yake ina ndugu katika Corolla, kwa hiyo spea zake hazisumbui. Lakini taa, bampa na vioo ni vyake peke yake. Kimoja kikivunjika unaweza kukitafuta miezi sita.

Tukaenda Voi siku ya Jumamosi. Gari lilikuwa jekundu, la mwaka 2001, na mwenyewe alitaka shilingi 450,000. Karatasi zilikuwa sawa kabisa. Rangi ilikuwa moja kila mahali. Mjomba alilizunguka mara tatu bila kusema neno, kama mtu aliye kanisani. Ila fundi alipoweka kiganja juu ya boneti, alikiondoa akatabasamu. "Mzee, hili gari umeliamsha kabla hatujafika." Mwenyewe akakana, halafu akanyamaza. Fundi akasema, "Basi tutakunywa chai hadi lipoe."

Tulikunywa chai kwa saa mbili na nusu. Walipolipiga stati, moshi wa buluu ukafuka nyuma kama jiko la kuni mbichi. Stiki ya oili ilipochomolewa, ncha yake tu ndiyo iliyolowa. Fundi akakadiria kuwa kufungua injini na kutia ringi mpya kutagharimu kama shilingi 90,000. Mwenye gari hakuwa mkaidi. Alishusha bei hadi 360,000, akasema, "Chukua, kijana. Naona unalipenda kuliko mimi."

Hapo ndipo shida ilipoanza hasa. Gari likiwa na kasoro ya kutisha, ni rahisi kulikataa. Hili lilikuwa na kasoro inayotibika na bei inayofikika. Mjomba alikuwa na shilingi 400,000. Lakini katika hizo, 260,000 zilikuwa zake za miaka mitano ya udereva, na 140,000 zilikuwa za Bibi. Wakati wa ule ukame mkali wa mwaka 2022, Bibi aliuza ng'ombe wake wanne kabla hawajafa. Wengi waliongoja walibaki na ngozi. Pesa hizo alimpa Mjomba azichanganye na zake, linunuliwe gari la kumpeleka kliniki Voi kila mwezi, kwani magoti yake hayawezi tena kupanda matatu zilizojaa.

Mwenye gari alikubali litujaribishe hadi nyumbani. Katika lami, ndugu msomaji, lilikuwa raha tupu. Lilishika kona kama limefungwa kamba. Malori yalibaki nyuma yakipiga honi. Lakini tulipoacha lami na kuingia njia ya kwetu ya udongo, tumbo lake likaanza kukwaruza ardhi. Tulipofika bomani Bibi alitoka akalitazama sana. Akafungua mlango mwenyewe. Kiti kilikuwa chini mno. Alishika paa, akainama, akasimama. Akajaribu tena kwa kuanza na mguu mwingine. Kisha akachungulia viti vya nyuma, akauliza kwa upole, "Na mimi nitaketi wapi?"

Hakuna aliyemjibu.

Jioni ile watu wazima waliketi nje. Mama alisema pesa za ng'ombe si za mchezo, na kwamba gari la watu wawili katika boma la watu wanane ni kituko. Mjomba hakubisha. Alisema jambo moja tu: "Dada, kila nilichowahi kununua tangu nianze kazi nilinunua kwa sababu kilihitajika. Hiki ndicho cha kwanza nilichokitaka."

Mimi ni mtoto wala sikuulizwa, lakini moyoni nilikuwa upande wake, na hata leo sijahama. Watu husema maskini na atafute cha lazima kwanza, vizuri ni vya matajiri. Hao waliotengeneza Celica hawakuamini hivyo. Walifikiri hata mtu wa Carina anastahili kuendesha kitu cha kumfurahisha. Hata hivyo niliyaona pia magoti ya Bibi.

Bibi ndiye aliyekata shauri. "Ng'ombe wangu walikuwa wa kunipeleka hospitali, na ndivyo watakavyofanya. Pesa zako zilizobaki ni zako, wala asikuulize mtu." Juma lililofuata Mjomba alimrudishia mwenye Celica ufunguo kwa shukrani, akanunua Corolla ya miaka ya tisini, ile madereva huiita 110, kwa shilingi 340,000. Ina milango minne, haikwaruzi, na mkanda wake wa taimingi ulibadilishwa wiki hiyohiyo. Bibi hukaa mbele. Shilingi zilizobaki ziko benki, na kila mwisho wa mwezi Mjomba huongeza kidogo. Amenikabidhi lile daftari nilitunze, akanionya nisichane ukurasa hata mmoja.

Wenzangu, wengi wetu tutanunua magari siku moja, na karibu wote tutaanza na mtumba. Nawausia mambo mawili. Mkienda kukagua, mwende na fundi ambaye hapewi chochote na muuzaji, na muwe na subira ya kunywa chai hadi injini ipoe. Tena kabla ya kutoa pesa, jiulizeni ni za nani, na mwenye pesa hizo ataketi wapi. Mkishajibu hayo, msione haya kupenda kizuri. Haba na haba hujaza kibaba, na Celica nyekundu bado ziko barabarani.