Pikapu haijui uzito, inajua kimo tu

Wasomaji wangu, leo naomba tuache hifadhidata kidogo tuingie chini ya gari. Msiogope, mbele tutakutana na kihisio.

Mjomba wangu wa Migori ana Hilux ya zamani yenye springi za majani nyuma. Hupakia mahindi, hupita Awendo, hupinda kushoto Rongo hadi Homa Bay, kisha hurudi na omena. Magunia 10 ya kilo 90 ni kilo 900. Kwa mzigo huo mkia unakaa chini, pua inatazama juu, taa zinawapiga madereva wengine machoni, na usukani unakuwa mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele yamepungukiwa na uzito.

Mafundi wengi huongeza jani moja la springi. Inasaidia, ila gari likiwa tupu linarukaruka kama mbuzi. Mjomba akachagua maputo ya hewa. Ni mifuko ya mpira mgumu inayokaa kati ya ekseli na chasisi, mmoja kila upande, na springi za zamani zinabaki palepale. Robert Boyle alieleza siri yake mwaka 1662: ukiibana hewa hadi nusu ya nafasi yake, presha huwa maradufu. Kwa hiyo puto likibanwa zaidi, nalo linakaza zaidi.

Mimi nilishika tochi, fundi akafanya kazi:

1. Gari linainuliwa na kuegemezwa kwenye stendi imara, si jeki peke yake.
2. Mpira unaozuia ekseli isigonge chasisi unatolewa, puto linafungwa hapo na mabamba yake.
3. Puto na mpira wake wa hewa vinakaa mbali na ekzosi na paipu za breki.
4. Kila upande unapata valvu yake. Ukiunganisha pande mbili, kwenye kona hewa inakimbilia upande mwepesi na gari linalala.
5. Unajaza hewa, unapaka maji ya sabuni, unatafuta mapovu.

Gari likiwa tupu, acha kama PSI 5 ili mpira usijikunje ukachanika. Maputo mengi hayaruhusu zaidi ya 100.

Tulipopakia, mkia haukushuka. Mjomba akafurahi: "Sasa tunaweza kubeba 15!"

Fundi akamjibu taratibu, "Hapana, mzee. Njoo uone hapa."

Akatuonyesha fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya breki za nyuma. Mkia ukishuka, fimbo inasukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Hilux nyingi za zamani zinayo. Wenzangu waprogramu mmeshaona tatizo: kihisio hakipimi uzito, kinapima kimo na kukisia uzito. Puto likiinua mkia, valvu inaamini gari ni tupu na inazipunguzia breki za nyuma nguvu, huku kilo 900 ziko mgongoni. Kwenye mteremko hilo ni jambo la uhai. Fundi akairekebisha fimbo kulingana na kimo kipya, kisha akajaribu breki polepole, kwanza tupu, halafu na mzigo.

Kuna jingine. Springi ya majani hushika chasisi kwenye ncha zake mbili, puto husukuma mahali pamoja. Australia, ambako maputo haya yanapendwa sana, pikapu zilizozidishiwa mzigo zimepinda chasisi nyuma ya kebini. Ekseli, tairi, breki na chasisi ni zilezile za jana, na uzito ulioandikwa na kiwanda haubadiliki.

Mjomba amebaki na magunia yake 10. Ukitaka kufunga maputo, muulize fundi wako kwanza kuhusu ile fimbo. Kama haijui, tafuta fundi mwingine.