Goma: Kitana cha moto kilichonifundisha kuheshimu nywele

Wiki iliyopita baba mmoja alinisimamisha njiani, karibu na soko la Virunga. Akaniuliza: «Mama, watu wamepoteza nyumba zao, nanyi mnaongea juu ya nywele?» Sikuwa na jibu la haraka, nikamsalimia tu na kuendelea na safari. Leo ninamjibu kwa kusimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Ninajua wengi wenu mlipitia njia hiyohiyo.

Tulitoka Kiwanja mwezi wa kumi mwaka 2022, vita ilipotufikia. Mama alibeba mgongoni mtoto wa kaka yangu. Mimi nilibeba sufuria, na ndani ya sufuria nguo mbili, chumvi, na kitana cha chuma chenye mpini wa mti. Kitana hicho kilikuwa cha shangazi yangu, aliyekuwa akitengeneza akina mama nywele kwa miaka mingi. Njiani watu walinicheka: mtu anakimbia risasi na kitana! Lakini tulipofika Kanyaruchinya, mwezi haukuisha kabla kitana hicho hakijaanza kulisha watu sita.

Hata kambini watu wanaoa, wanazika, wanaenda kanisani. Mama aliyelala chini ya bashi usiku kucha, asubuhi anataka watoto wake wamwone kama mama, si kama mtu aliyeokotwa. Nilikuwa nakaa nje ya hema letu na mbabula. Naweka kitana juu ya makala, kikipata moto nakipitisha kwenye nywele zilizopakwa mafuta, zinanyooka. Nililipwa franka 1000 kwa kichwa, na asiyekuwa nazo aliniletea kikombe cha maharagwe.

Kosa langu nililifanya siku ya posho moja, jioni. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka 16, alikuwa aimbe kwenye kwaya kesho yake. Alikuwa ameosha nywele na bado zilikuwa na majimaji. Wateja wanne walikuwa wakinisubiri na mvua ilikuwa inakuja. Nilikitoa kitana kwenye makala bila kukijaribu, nikamwambia: «Inama upesi.»

Nilisikia mlio kama wa maji yanayoangukia sufuria ya moto. Mvuke ulimchoma sikio na ngozi ya kichwa. Nilipovuta kitana, kilitoka na fungu zima la nywele za mbele. Majirani wakakimbia, mmoja na dawa ya meno, mwingine na nyanya. Mdogo wangu alishika kichwa na kusema neno ambalo silisahau: «Yaya, nyumba ilienda, shamba likaenda, na nywele pia?»

Baba yangu wa sokoni, jibu langu ni hilo. Kwa mtu aliyenyang'anywa vyote, nywele ni kati ya vitu vichache alivyobaki navyo ambavyo ni vyake kweli. Mimi, ndugu yake, ndiye niliyemharibia.

Baada ya hapo nilianza kuuliza. Nilimuuliza muuguzi aliyemfunga kidonda, na baadaye mafundi wa saluni hapa mjini wanaotumia pasi za nywele za umeme. Niliyoyaelewa ninawapa kwa sababu najua vitana vya moto bado viko juu ya mbabula nyingi.

Kwanza, kwa nini nywele zetu zinaumia upesi? Nywele zetu zinajipinda, na kila pindo ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika. Halafu mafuta ambayo ngozi ya kichwa inatoa yenyewe hayashuki vizuri hadi kwenye ncha, kwa sababu njia ina kona nyingi. Ndiyo maana ncha huwa kavu, na kitu kikavu hakivumilii moto.

Pili, moto unafanya nini? Ndani ya unywele kuna viungo vya aina mbalimbali. Kuna viungo dhaifu ambavyo maji na joto vinavilegeza. Hivyo ndivyo vinavyoruhusu nywele kunyooka, na jasho au mvua ikizipata zinajipinda tena. Hakuna ubaya hapo. Lakini joto likizidi, unywele wenyewe unaharibika, na hata ukiuosha haujipindi tena. Unaning'inia kama uzi wa zamani, kisha unakatika. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, kwa hiyo hauponi kama kidonda. Hakuna mafuta yanayoufufua, hata muuzaji akiapa. Uliokufa hukatwa, na tunasubiri mwingine uote.

Tatu, maji. Maji huchemka kwenye digrii 100, na kitana kilichotoka kwenye makala kinaweza kupita 200. Ukikipitisha kwenye nywele zenye majimaji, maji yaliyo ndani yanachemka ghafla, yanatengeneza mapovu ndani ya unywele na kuupasua. Huo ndio mlio niliousikia. Kwa hiyo nywele zioshwe, kwa sababu vumbi na mafuta ya zamani vinaungua juu yake, lakini zikauke kabisa kabla moto haujazigusa. Kama hazijakauka, mteja arudi kesho.

Wenye pasi ya umeme yenye namba, mkae kati ya digrii 150 na 180. Nywele nyembamba, au zilizopakwa dawa ya defriza, zikae chini zaidi, kwa sababu dawa hiyo imekwisha kuzidhoofisha. Usifikishe namba mwisho eti umalize kabla umeme haujakatika. Chukua fungu dogo, pitisha mara moja, polepole, bila kusimama mahali pamoja. Kupitisha mara tano kwenye fungu kubwa ndiko kunakoua nywele.

Sisi wa makala hatuna namba, lakini tuna karatasi. Ukitoa kitana kwenye moto, kibane kwanza ndani ya karatasi nyeupe au kitambaa cheupe cha pamba. Kikiacha alama ya rangi ya kahawa au harufu ya kuungua, ni moto mno. Kipunge hewani, subiri, jaribu tena. Kipimo hicho hakina gharama, na kingemwokoa mdogo wangu.

Mafuta nayo tusiyadanganyikie. Mengi tuliyapaka tukidhani ni ngao, kumbe mafuta mazito yakipata moto yanatoa moshi na kuchoma ngozi. Paka kidogo sana, au tumia krimu iliyotengenezwa kwa ajili ya kulinda nywele na joto kama unaipata. Hata hiyo inapunguza madhara tu, haiyaondoi. Na kuna dawa za kunyoosha ambazo zikipitishwa pasi hutoa moshi unaowasha macho na koo. Baadhi yake zina formaldehidi, kemikali inayojulikana kusababisha saratani. Ukiona macho yanatoka machozi, simama, toka nje. Fundi anayevuta moshi huo kila siku ndiye anayeumia zaidi ya mteja.

Moto usiwe wa kila wiki. Ukinyoosha, funga kitambaa usiku, kaa na nywele hizo wiki mbili au tatu, kisha zipumzishe. Na kwa watoto wadogo, ninaomba: msitumie moto kabisa. Tunayo njia ya bibi zetu, kufunga nywele kwa uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani. Ukilala nazo, asubuhi zimenyooka na kurefuka bila makala wala umeme. Ila usikaze sana. Mkikaza nyuzi au meshi hadi vipele vitoke pembeni mwa uso, hapo nywele zitang'oka, na zikizoea kung'oka mahali pamoja haziwezi kurudi.

Kuna jambo ambalo si la nywele tena. Msiwashe mbabula ndani ya hema au chumba kilichofungwa. Hewa ya makala inaua kimyakimya, haina harufu ya kukuonya. Na bashi linashika moto upesi kuliko miguu ya mtu. Kazi hii ifanyike nje, mbali na mahema, na watoto wakae pembeni.

Mtu akiungua, wekeni dawa ya meno, nyanya, mayai na mafuta kando. Mwagieni maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Ninajua bei ya bidoni na urefu wa foleni ya maji, lakini bidoni hiyo ni dawa. Kisha funikeni kwa kitambaa safi, na kama ni mtoto, au ni usoni, nendeni kwenye kituo cha afya bila kungoja.

Mdogo wangu alivaa kitambaa kichwani karibu mwaka mzima. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, mara nyingi chini ya hapo kwa nywele zetu, kwa hiyo tulisubiri kwa uvumilivu. Zilirudi. Ila nyuma ya sikio kuna mahali padogo, kama ukucha wa kidole gumba, ambapo kovu liliziba na hapataota tena. Nikimsuka, kidole changu hupita hapo.

Mahema yale ya Kanyaruchinya hayako tena, na kila mmoja ametupwa upande wake. Kitana cha shangazi bado ninacho. Siku hizi mdogo wangu ndiye anayekitumia zaidi, kwa wateja wake mwenyewe, na kando ya mbabula yake hakukosi karatasi nyeupe. Juzi nilimpelekea mama mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kwenye ndoa. Aligusa nywele zake, akasema: «Mama, bado zina maji. Kaa hapa juani kidogo.» Yule mama akanung'unika. Mdogo wangu akamsogezea kiti, na kitana akakiacha chini.